Jahazi la Lamu kwa kipimo cha 1:20: shajara ya ujenzi, kuanzia mkuku hadi tanga

Modeli nyingi za majahazi zinazouzwa kwa watalii zina makosa matatu yaleyale. Mlingoti umesimama wima kama nguzo ya bendera, foromali, yaani mti mrefu unaobeba tanga, ni fupi kuliko chombo, na kamba za pande zote mbili zimekazwa sawasawa kama za hema. Jahazi linalosafiri halikai hivyo hata siku moja. Hapa tumejiwekea sharti moja: kila kamba iwe na kazi, na ukiifungua, kitu fulani kilegee au kishuke. Kamba isiyo na kazi haiingii.

Wiki ya 1 na 2: vipimo

Chombo kilichopimwa kina urefu wa mita 14, upana mita 4.6, na kina mita 1.9 kutoka ukingoni hadi juu ya mkuku (gogo la chini linalopita urefu wa chombo). Kwa 1:20 tunapata mm 700, mm 230 na mm 95.

Mafundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, hawajengi kwa ramani. Umbo wanalo machoni na mkononi. Kwa hiyo hakuna mchoro wa kunakili, chombo chenyewe ndicho mchoro. Maji yakishakupwa na jahazi likiegemea magogo, kamba huvutwa kutoka fashini (mti unaosimama kwenye ncha ya chombo) ya mbele hadi ya nyuma, timazi huangushwa kila sentimita 140, kisha hupimwa umbali wa mlalo kutoka uzi wa timazi hadi kwenye ubao, kila sentimita 20 za kimo. Tulipata mikato 9 ya katikati, mbali na fashini mbili. Pande mbili hazilingani: mahali pengine tofauti ni sentimita 4, yaani mm 2 kwenye modeli. Tumechukua wastani. Anayetaka kuonyesha chombo fulani kwa jina lake aiache tofauti hiyo ilivyo.

Wiki ya 3: miti

Mvule na mbambakofi ni miti ya jahazi lenyewe, lakini vinyweleo vya mvule ni vikubwa mno kwa kipimo hiki. Ubao wa mm 2 unaonekana kama umetobolewa na sindano. Mbao za ubavu tumekata kwenye mpera, ambao chembe zake ni laini na haupasuki ovyo. Mpera hautoi ubao mrefu, na hilo si tatizo hata kidogo, maana mbao za jahazi nazo huungwa. Vipande vyetu ni vya mm 150 hadi 200, sawa na mita 3 hadi 4 za kweli.

Mkuku na fashini ni mninga. Makapi, yaani puli za kamba, na gurudumu la kileleni mwa mlingoti ni mlimau. Mlingoti na foromali ni msonobari uliopasuliwa kwa shoka kufuata nyuzi zake, haukukatwa kwa msumeno. Msumeno hukata nyuzi kimshazari, na baada ya miezi michache mlingoti hujipinda upande wenyewe.

Magogo ya mpera yapakwe nta au rangi kwenye ncha siku yanapokatwa. Bila hivyo hupasuka kutoka nchani kuelekea ndani, nawe unabaki na kuni.

Wiki ya 4 na 5: mkuku na kalibu

Pwani, fundi husimamisha mataruma (mbavu za chombo) machache ya kuongoza umbo, hupiga mbao, halafu hujaza mataruma mengine ndani. Tumefuata mpangilio huo, ila mataruma ya kuongoza ni kalibu (violezo vya umbo) 9 za plaiwudi ya mm 4 zitakazong'olewa. Zimesimamishwa kichwa chini juu ya ubao wa msingi, kila moja mm 70 kutoka mwenzake. Mkuku umelala juu yake ndani ya kipengele, bila gundi.

Kingo za kalibu zimesuguliwa nta ya mshumaa mara mbili. Kalibu ya tano tuliipaka mara moja tu, na ndiyo iliyokuja kuleta shida wiki ya 11.

Kijifereji cha kupokea ubao wa kwanza kichongwe kabla mkuku haujakaa kwenye kalibu. Pembe yake hubadilika: katikati ya chombo ubao unakaribia kulala, kwenye fashini unakaribia kusimama. Tumechonga kwa patasi ya mm 3 huku tukijaribisha kipande cha ubao wa mm 2 kila sentimita 3.

Wiki ya 6 hadi 10: mbao za ubavu

Hapa ndipo umbo linapopatikana au kupotea. Kwa kila kalibu, zungusha ukanda wa karatasi kutoka mkuku hadi ukingo wa juu, weka alama, ukunjue, ugawe kwa idadi ya mistari ya mbao. Sisi tuna mistari 14. Katikati ukanda ni mm 168, hivyo kila ubao una upana wa mm 12. Kwenye fashini ya mbele ni mm 112, yaani mm 8. Nyuma ni mm 126, yaani mm 9. Ubao ukilazimika kupungua chini ya nusu ya upana wake wa katikati, punguza idadi ya mistari. Ncha nyembamba kupita hapo haishiki msumari wala gundi.

Utaratibu wa ubao mmoja ni huu. Unakatwa kwa upana uliopimwa na kuwekwa kwenye maji ya moto dakika 20, kisha unakunjwa juu ya kopo la bati lenye kaa la moto ndani, unabanwa mahali pake kwa vibanio vya nguo na pini, na kuachwa ukauke usiku kucha. Siku ya pili unatolewa, ukingo unasawazishwa kwa randa ndogo, ndipo unapakwa gundi nyeupe ya mbao na kurudishwa.

Kishawishi ni kupaka gundi ubao ukiwa bado mbichi ili kuokoa siku. Tulifanya hivyo kwa mstari wa 3 upande wa kushoto. Ubao uliokauka ulisinyaa kwa upana, ukaacha mwanya wa karibu nusu mm kwa urefu wa sentimita 18. Kwa kipimo cha kweli huo ni mwanya wa sentimita 1. Ubao umeng'olewa kwa pasi na kitambaa chenye maji, ukatengenezwa mwingine.

Mbao zipigwe kulia na kushoto kwa zamu. Ukimaliza mistari mitatu upande mmoja kabla ya kuvuka, gundi inapokauka huvuta mkuku. Weka rula ya chuma juu ya mkuku kila baada ya mistari miwili. Ukiona mwanga chini yake, simama.

Viungo vya mbao visikutane. Kati ya kiungo na kiungo cha mstari wa jirani tumeweka nafasi ya mataruma 3 au zaidi, na hakuna kiungo kilicho juu ya kingine bila mistari miwili katikati yao.

Wiki ya 11 na 12: kung'oa kalibu, kuweka mataruma

Ganda la mbao likitoka kwenye kalibu hutanuka. Tulilitarajia hilo, tukafunga vijiti vitano vya kukingama ukingoni kabla ya kung'oa chochote. Hata hivyo katikati palifunguka mm 3. Vijiti vikalegezwa, pakarudishwa hadi mm 230, vikafungwa tena. Kalibu ya tano iligoma. Imekatwa vipande kwa msumeno wa uzi na kutolewa kwa koleo, na ndani ya mstari wa 6 kuna kovu lililofichwa na taruma.

Katikati ya jahazi ni wazi: sitaha fupi mbele, shetri (sitaha iliyoinuka) nyuma, na baina yake falka, uwazi wa mizigo, ambamo mtu anaona kila taruma. Ndiyo maana hatukutumia mataruma ya bandia. Kuna jozi 28, kila taruma mm 5 kwa mm 5, zikipishana mm 21 hivi kutoka katikati hadi katikati. Kila jozi ina kipande cha chini kinachovuka juu ya mkuku na vipande viwili vya ubavuni. Vipande hivyo havikugongewa wenyewe kwa wenyewe; kinachovishika ni mbao za nje.

Taruma lililopinda likikatwa kwenye ubao ulionyooka huvunjika pale nyuzi zinapokatika. Fundi hutafuta tawi lenye kona yake, nasi tumefanya vilevile kwa vitawi vya mpera, tukigawa kila kona vipande viwili ili kulia na kushoto pafanane. Zile za omo, sehemu ya mbele ya chombo, ambako kona ni kali, hatukuzipatia tawi. Tumezijenga kwa tabaka 5 za mm 1 zilizogandishwa ndani ya kalibu ndogo. Ukiambiwa uzitafute hutaziona.

Mstamu, gogo la kupokea tako la mlingoti, umewekwa sasa kabla ya sitaha. Una urefu wa mm 90 na umekaa juu ya mataruma matano. Tundu lake limechongwa likiinamia mbele nyuzi (digrii) 10. Ukilichonga wima ukitumaini kurekebisha baadaye, mlingoti utapigana na kamba zake maisha yote ya modeli.

Wiki ya 13: misumari

Mistari 14, jozi 28, misumari miwili kila makutano, pande mbili: 1,568. Misumari ya shaba ya dukani ina vichwa vikubwa mno. Tumetumia vijiti vya mwanzi. Pasua mwanzi upande wa ganda, ambako nyuzi zimeshikana, hadi upate vijiti vya kama mm 2, kisha vivute kwa koleo kupitia bamba la chuma lenye matundu ya mm 1.5, 1.2, 1.0, 0.8, 0.7 na 0.6. Ukiruka tundu, kijiti kinapasuka. Ncha inolewe kama penseli kila mara.

Tundu la ubaoni ni mm 0.6 kwa kina cha mm 4. Kijiti kinachovywa kwenye gundi, kinasukumwa na kukatwa. Ukipaka mafuta, ncha ya mwanzi hunyonya zaidi kuliko mpera na kuwa nyeusi kidogo, na kutoka mbali inaonekana kama kichwa cha msumari wa chuma uliokula kutu. Kosa la kuogopa ni kutoboa kwa kukisia: tundu likikosa taruma, kijiti kinatokeza ndani. Tumepiga mistari ya penseli nje kwa kumulika taa ndani ya chombo, maana ubao wa mm 2 wa mpera unapitisha kivuli cha taruma.

Wiki ya 14: kalafati na kupaka

Kalafati ya kweli ni pamba iliyotiwa mafuta na kugongwa kwenye nyufa. Kwa 1:20 pamba halisi hutoka kama manyoya, kwa hiyo tumepitisha penseli laini kwenye ukingo wa kila ubao kabla ya gundi (kazi ya wiki ya 6, tunaitaja hapa panapohusika). Baada ya msasa unabaki mstari mwembamba wa kijivu.

Juu ya maji chombo hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Sisi tumepaka mafuta ya kitani mara tatu, siku mbili kati ya kila mkono. Matambara yenye mafuta hayo yasikunjwe na kutupwa pembeni, hushika moto yenyewe. Yatandazwe nje au yalowekwe.

Chini ya maji ni deheni, mafuta ya mnyama na chokaa. Rangi yake si nyeupe ya kung'aa. Tumetumia chaki iliyosagwa ndani ya vanishi isiyong'aa, ikapakwa kwa kitambaa badala ya brashi ili michirizi ya mkono ionekane.

Wiki ya 15 na 16: mlingoti na foromali

Mlingoti ni mm 480 kwa jumla, mm 400 juu ya sitaha, kipenyo mm 13 chini na mm 9 kileleni. Unaanza ukiwa wa pembe nne, unakuwa wa nane, kisha kumi na sita, ndipo msasa. Karibu na kilele una tundu la gurudumu la mlimau lenye kipenyo cha mm 7, na gurudumu linazunguka.

Foromali ni mm 780, ndefu kuliko chombo chenyewe. Ni miti miwili ya mm 450 iliyolazwa pamoja kwa mm 120 na kufungwa kwa kamba mahali patano. Kipenyo ni mm 9 penye maungio na mm 4 nchani. Wanaotumia mti mmoja hawapati ule mpindo mdogo wa foromali ikiwa na tanga.

Sasa tuone kwa nini mwinamo wa mlingoti si urembo. Mlingoti unatoka sitahani mm 280 nyuma ya fashini ya mbele. Foromali inatundikwa mm 350 kutoka ncha yake ya chini, na ikiwa juu mahali hapo pako karibu mm 350 kutoka sitahani. Kwa nyuzi 10, kwenye kimo hicho mlingoti umesogea mbele mm 62, na ncha ya chini ya foromali inafika juu ya omo, inapotakiwa. Mlingoti ukiwa wima, foromali nzima inarudi nyuma mm 62, sawa na zaidi ya mita 1.2 za kweli. Goshi, pembe ya mbele ya tanga, haifiki mbele, uzito wa tanga unahamia tezi (nyuma), na chombo cha namna hiyo kingegeuza uso kwenye upepo kila mara, nahodha akihangaika na kana, mpini wa usukani, mchana kutwa.

Wiki ya 17: kamba

Kamba zote zimesokotwa kwa uzi wa pamba, nyuzi tatu kila kamba. Uzi wa nailoni unang'aa na haukubali kulala. Mita 1 ya nyuzi hutoa takribani sentimita 75 za kamba. Kipenyo kipimwe kwa kuzungusha mara 10 kwenye penseli na kugawa upana, jicho hudanganya.

Henza, kamba ya kupandishia foromali, mm 2.2. Jarari, kamba ya kuvutia henza, na kamba ya goshi mm 1.2. Demani, kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, na kamba za ubavuni za mlingoti mm 1.4. Dasi, kamba ya kingo za tanga, mm 0.8. Vifungo vya tanga mm 0.4.

Kila kamba ipitishwe juu ya mwali wa mshumaa upesi kuondoa manyoya, kisha kwenye nta ya nyuki. Rangi: chai inavutia kwa sababu ipo jikoni, lakini tindikali yake huchakaza pamba kadiri miaka inavyokwenda. Tumetumia rangi ya maji ya kahawia iliyozimuliwa sana.

Wiki ya 18 hadi 20: tanga

Matanga ya zamani yalikuwa ya marekani. Marekani yenyewe ni nzito mno hapa. Tumetumia bafta nyembamba, iliyofuliwa mara tano kuondoa wanga.

Tanga la jahazi si pembetatu, lina pembe nne. Ukingo wa foromali ni mm 730, wa mbele mm 85, wa chini mm 500, wa nyuma mm 600. Ule ukingo mfupi wa mbele ndio unaosahauliwa na wachongaji wa dukani. Vipande vya kitambaa viko 13, vya mm 37, sambamba na ukingo wa nyuma. Hatukuvikata, tumeshona mistari kwa cherehani, mshono mfupi kuliko yote, bafta ikiwa imebandikwa juu ya karatasi nyembamba inayochanwa baadaye. Bila karatasi kitambaa kinakunjamana, na tanga la kwanza liliharibika hivyo.

Dasi imeshonwa kwa mkono kuzunguka kingo zote, upande mmoja tu wa kitambaa. Isivutwe. Dasi ikiwa fupi kuliko ukingo hata kwa mm 5, tanga linakuwa mfuko. Kwenye foromali kuna vifungo 30, kila kimoja peke yake, mm 25 kutoka mwenzake.

Tumbo la upepo limepatikana kwa gundi nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 8, tanga likanyunyiziwa likiwa limelala juu ya mto, feni ikipuliza. Mara ya kwanza tuliweka sehemu 4 za maji, likakauka kama kadibodi.

Wiki ya 21 na 22: kufunga

Upepo wa modeli unatoka kushoto. Tanga na foromali viko kulia, mbele ya mlingoti.

Henza inaanzia kwenye foromali, inapita juu ya gurudumu la kilele, inashuka nyuma na kuishia kwenye gofia. Gofia ni kapi la mlimau lenye urefu wa mm 20 na magurudumu mawili. Jarari inazunguka kati ya gofia na abedari, kapi la chini, iliyokazwa sitahani mm 90 nyuma ya mlingoti. Mpango huu unafanya kazi mbili: unapandisha foromali, na unauvuta nyuma mlingoti ulioinama mbele. Hii ndiyo sababu hakuna kamba nyingine nene nyuma yake. Foromali inabanwa kwenye mlingoti kwa mizunguko mitatu ya kamba iliyopakwa nta zaidi, iteleze.

Kamba za ubavuni ni tatu kila upande. Za kushoto, upande wa goshini, zimekazwa kwa makapi madogo. Za kulia, demanini, zimelegezwa na kuning'inia, kwa sababu tanga liko pale na zikikazwa zitalikata. Jahazi likigeuza, foromali husimamishwa karibu wima, tanga hupitishwa mbele ya mlingoti, kamba zilizolegea hukazwa na zilizokazwa hulegezwa. Tumejaribu ugeuzaji huo kwenye modeli mara mbili. Mara ya kwanza ulikwama, kwa kuwa kamba ya goshi ilikuwa fupi kwa mm 40 na haikuweza kuzunguka mlingoti. Imebadilishwa.

Hakuna kamba iliyowekwa supaglu. Pamba hufupika hewa ikiwa na unyevu na hulegea ikikauka. Modeli iliyogandishwa wakati wa kiangazi ilipinda kilele cha mlingoti mvua za masika zilipoanza. Kamba zetu zimefungwa kwa mafundo ya kweli na zinaweza kukazwa upya.

Wiki ya 23: yaliyobaki

Mlingoti wa maji, mti unaochomoza mbele ya omo, umekaa na kamba ya goshi imefika kwake. Usukani umening'inizwa, kana inasogea. Jamvi la kukinga mawimbi pembeni linasukwa: ukili wa ukindu uliochanwa mm 1, nyuzi 7, vipande vitatu vilivyoshonwa kupata kimo cha mm 20. Upande wa kushoto umekamilika, wa kulia umefika nusu. Bado nanga, upondo mmoja, na kata ya kuchotea maji ya banduru, yanayokusanyika chini ya chombo.